Barua ya Mutuku

Shem alipiga simu saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi ya kwanza ya Septemba, mwaka 2007. Nilikuwa kazini mjini Katy, karibu na Houston, namlisha mzee ninayemtunza, kijiko kwa kijiko, kwa sababu akiharakishwa hupaliwa. Niliiweka simu juu ya meza nikaifungulia sauti ili mikono yangu ibaki huru.

"Ndinda, umeketi?"

"Namlisha mzee. Sema tu."

"Mmalizie kwanza."

"Shem, sema."

Akasema kaka yangu Mutuku ameanguka makaburini, nyuma ya kanisa alilolifanyia kazi, akikata nyasi. Waliomkuta waliisikia mashine kwanza, ilikuwa bado inanguruma. Hospitali ilisema ni moyo. Shem alikuwa amekaa naye nyumba moja huko Garland, karibu na Dallas, miaka sita, na alizungumza polepole kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake.

Mzee alifungua mdomo akingoja. Nikampa kijiko, nikampa na kingine. Sikulia mpaka bakuli lilipoisha, na hata hapo nililia nimesimama, kwa maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumwangalia mpaka binti yake arudi jioni.

Mutuku alikuwa mtoto wa kwanza wa mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Alizaliwa Kilungu, Kenya, mwaka 1964, na amekufa baada ya miaka kumi na sita Texas bila kurudi hata siku moja. Alitaka jambo moja tu miaka yote hiyo, kurudi nyumbani. Wapo huko Kilungu wanaosema alitusahau. Naandika ili wasiseme tena, na kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu.

Alikuja mwaka 1991 kusoma chuo. Mwaka wa pili mjomba aliyemlipia karo alipoteza kazi, na viza ya mwanafunzi hufa siku masomo yanapokatika. Angeweza kurudi mikono mitupu. Aliona aibu, akabaki, akaosha vyombo, akapakia maboksi, akajifunza kutembea bila kutazamwa. Mwaka 1994 akapata kazi ya kusafisha na kukata nyasi katika Kanisa la Baptisti la Mulberry Fork, pembeni mwa Garland.

Lilikuwa kanisa la matofali mekundu lenye mnara mweupe, reli ya mizigo nyuma yake, na makaburi chini ya miti ya pekani, ile izaayo kokwa za kuliwa. Wakulima wa pamba walilijenga mwaka 1859, wakati huko kulikuwa mashamba matupu. Mutuku alipofika, pamba ilishakwisha zamani, pande zote ni viwanda na maghala, na waumini walikuwa kama sitini, wengi wao wenye mvi. Walimpenda. Walimletea nguo za waume zao waliokufa, naye alizivaa, hata zile zilizomfikia magotini.

Kwao, mwisho wa ibada wimbo huimbwa taratibu, na anayetaka kujiunga hutoka mbele kumshika mchungaji mkono. Jumapili moja Mutuku akatoka. Kinanda kilikuwa kinalia. Mchungaji wa wakati huo alikuwa mzee, sikio moja halisikii. Akamwinamia, akamuuliza kama amekuja na barua. Mutuku akamnong'oneza shida yake yote: kwamba hana barua, hana makaratasi, serikali haimtambui, anaogopa. Mchungaji akamshika bega, akawageukia waumini.

"Ndugu yetu ametoka mbali na hana barua," akasema. "Tutaandika kuiomba barua yake. Mpaka ifike, atakuwa chini ya uangalizi wetu. Wanaokubali waseme amina."

Kanisa zima likasema amina. Akina mama wazee wakapanga mstari kumkumbatia, kila mmoja akimwambia barua itafika, asiwe na wasiwasi.

Kwa Wabaptisti wa Kusini, barua ni ile inayohamisha uanachama. Kanisa unakotoka humwandikia kanisa unakokwenda kwamba wewe ni muumini mwema. Mchungaji hakusikia zaidi ya neno hilo moja. Mutuku naye, katika kanisa letu la Kilungu, ambalo si la Kibaptisti, hakuwahi kulisikia neno hilo kwa maana hiyo. Alielewa kwamba kanisa limepiga kura kumwombea makaratasi kwa serikali ya Marekani.

Akatuandikia. Mimi ndiye niliyemsomea mwaitu: "Kanisa linaniombea barua. Wote wamekubali. Ikifika tu, nakuja." Mwaitu aliichukua karatasi ile akapanda nayo mlima mpaka kanisani ili isomwe mbele ya watu. Tulimshukuru Mungu Jumapili tatu.

Karani wa kanisa aliitwa Miss Verna Tidwell, mwanamke mweupe, mrefu, asiyewahi kuolewa, aliyeweka madaftari yote. Kila baada ya miezi michache Mutuku alimuuliza.

"Miss Verna, barua yangu imefika?"

"Bado, mwanangu. Watu wale hawana haraka."

Mutuku alidhani anaitania serikali ya Marekani. Kumbe Miss Verna alikuwa ameandika mara mbili kwa Kanisa la Baptisti la Kilungu, kanisa ambalo halipo, na hakuna aliyemjibu.

Mimi nilikuja mwaka 1998 kwa viza ya matembezi ya miezi sita. Miezi ikaisha, nikabaki, kwa hiyo ninayosema juu ya kaka yangu ni yangu pia. Nilipata kazi ya kuwatunza wazee majumbani, Houston kwanza, kisha Katy, mahali pa nyumba mpya kubwa ambapo huwezi kwenda dukani bila gari. Tulikuwa jimbo moja na tulionana mara mbili kwa mwaka.

Mapema mwaka 2001 mlango ulifunguliwa kidogo. Mtu aliyekaa bila makaratasi, kama alikuwa na mwajiri wa kumwombea, angeweza kupeleka maombi, mradi yafike kabla Aprili haijaisha. Shem, Mkenya aliyefanya kazi katika ghala la vyakula, ndio kwanza alikuwa amehamia kwa Mutuku.

"Twende kwa wakili Jumamosi," akamwambia. "Mimi bosi wangu ameshakubali. Wewe una kanisa zima, unangoja nini?"

"Kanisa lilianza kuniombea zamani."

"Zamani lini?"

"Tisini na nne."

"Mutuku, hata ng'ombe wa mahari hukawia hivyo?"

Mutuku akanipigia simu. Aliogopa kwamba akienda kwa wakili, kanisa litaona haliaminiwi. Nikamwambia, "Ngoja. Barua iliyoombewa na kanisa haiwezi kushindwa na ya wakili." Mimi ndiye niliyesema hivyo, si mtu mwingine. Nilidhani nazungumza kwa imani. Shem alikwenda peke yake Jumamosi ile, na miaka minne baadaye akapata kadi yake ya ukaazi. Aprili iliisha, na mlango ukafungwa.

Mwaka 2002 macho ya Miss Verna yalianza kufifia. Kanisa lilitaka kutoa kitabu kidogo cha historia yake, na kumbukumbu za mikutano ya zamani zilikuwa zinachakaa. Mutuku alikuwa na mwandiko mzuri, ule wa kufunzwa kwa kupigwa rula shuleni Kilungu. Miss Verna akampa kazi ya kuzinakili. Alikaa darasa la shule ya Jumapili na daftari la kwanza mbele yake. Dada fulani amepokelewa kwa barua kutoka Tennessee. Ndugu fulani na mkewe wamepewa barua, wanahamia kaunti ya jirani. Ndugu fulani amenyimwa barua kwa ulevi. Ukurasa baada ya ukurasa. Siku ya tatu akaweka kalamu chini, akaenda jikoni ambako Miss Verna alikuwa anabangua pekani.

"Miss Verna, hizi barua ni za nini?"

"Za uanachama, mwanangu. Ni nini tena?"

"Na yangu?"

"Yako ni ileile. Kutoka kanisa lenu la nyumbani."

"Si ya serikali?"

Akacheka. "Serikali inajua nini kuhusu Wabaptisti wanakohamia?" Kisha akamtazama, akaacha kucheka, akafuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alikaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza akamuuliza alimaanisha nini siku ile mbele ya kanisa.

Jioni ile Mutuku alinipigia. "Ndinda," akasema, "hakuna barua. Haikuwahi kuwepo." Nikamwomba msamaha kwa yale ya Aprili. Akasema, "Wewe uliamini nilichoandika mimi." Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

Miss Verna alimpeleka kwa wakili kwa gari lake mwenyewe, akiendesha katikati ya barabara kwa sababu ya macho. Wakili alisema hakuna njia iliyobaki. Akitoka Marekani, sheria inamfungia nje miaka kumi. Akikaa, akae kimya. Wakarudi. Mutuku akaendelea kukata nyasi.

Machi ya mwaka uliofuata mwaitu alifariki. Tulisikiliza mazishi kwa simu ambayo binamu yetu aliishika karibu na kaburi, Mutuku akiwa kwenye chumba cha mafagio kanisani, mimi kwenye chumba cha kufulia nguo hapa Katy, mashine ikizunguka. Laini ilikatika kabla ya udongo. Nilibaki nimeishika simu. Baadaye Mutuku aliniambia naye alifanya vivyo hivyo.

Miaka minne hakusema lolote juu ya kurudi. Alinakili madaftari. Ninayoyajua juu ya kanisa lile aliniambia yeye. Waliolianzisha walikuja na watumwa wao, na watumwa walibatizwa humo, wakakaa benchi za nyuma. Baada ya utumwa kukomeshwa, weusi waliomba barua wakaanzishe kanisa lao ng'ambo ya reli, na mwaka 1871 wakapewa wote katika mkutano mmoja, isipokuwa mmoja. Daftari lilisema: "Dada Hannah, mpishi wa Ndugu Tidwell, ameomba barua. Imeahirishwa mpaka mkutano ujao." Mwaka 1874 aliomba tena. Imeahirishwa. Mwaka 1880, imeahirishwa. Baada ya hapo jina lake halikutajwa tena.

"Mzee Tidwell alikuwa nani?" nikamuuliza.

"Babu wa baba yake Miss Verna. Alipenda chakula chake, nadhani."

Mutuku hakuwa na haki ya kutoa hoja. Aliye chini ya uangalizi hapigi kura. Mapema mwaka huu wa 2007 alimwendea Miss Verna, akamsomea mistari ile mitatu, akamwomba aipeleke mkutanoni. Miss Verna hakumsemesha wiki mbili.

Kisha ukaja mkutano wa Aprili. Mchungaji wa sasa, kijana mwenye haraka, alifika mwisho wa orodha akauliza kama kuna shughuli iliyobaki kutoka mikutano iliyopita. Miss Verna akasimama.

"Iko moja, ya mwaka 1871."

Watu wakacheka. Shemasi mmoja akauliza, "Miss Verna, wewe ndiye uliyekuwa karani?"

"Nilikuwa likizo," akajibu. Akasoma. Aliposoma jina la Tidwell hakushusha sauti. Kicheko kilikwisha. Hoja ya kumpa Hannah barua yake ikatolewa, ikaungwa mkono, mikono ikainuliwa. Mutuku alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni, kwa sababu hakuruhusiwa kuinua wake.

Jumamosi Miss Verna alimkabidhi barua, naye akavuka reli kwa miguu akaipeleka. Shemasi wa kanisa la ng'ambo, mzee mweusi anayeitwa Prewitt, alivaa miwani akaisoma mara mbili.

"Dada huyu amekaa kwetu miaka yote hii bila barua," akasema. "Nadhani tutamwacha aendelee."

Akampeleka Mutuku nyuma ya kanisa lao. Hannah alikuwa amelala pale tangu mwaka 1902, na jiwe lilisema alikuwa mama wa kanisa lile miaka ishirini.

Mutuku alinipigia akiwa bado njiani, nilisikia treni. "Alivuka tu, Ndinda. Waliahirisha mara tatu, naye akavuka."

Wiki ile ile aliniambia ameamua. Angerudi Kilungu, hata kama hataruhusiwa kurudi Texas. Alitaka kuketi kwenye kaburi la mwaitu. Alikata tiketi ya tarehe tisa Oktoba.

"Ukienda hutarudi," nikamwambia.

"Najua."

"Na mimi?"

"Uwanja wa ndege uko hata Houston," akasema, akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilimwambia angoje mpaka mwaka mpya, huenda sheria ikabadilika. Mara hii hakunisikiliza, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ila alikufa zimebaki wiki tano.

Binti wa mzee alinipa ruhusa kuanzia Jumanne. Immaculate, nesi Mkenya anayekaa mtaa wa pili, alinichukua kwa gari, mwendo wa saa nne na nusu hadi Garland, na kila gari la polisi lilipotupita nilitazama mapaja yangu. Jumatano mchana kanisa liliitisha mkutano. Nilikaa benchi la nyuma na Shem.

Miss Verna alisimama kwa fimbo. Alitaka Mutuku apewe barua ya kwenda kanisa la Kilungu, kwa kuwa mwili ulikuwa unapelekwa huko.

Mchungaji alisema kwa upole kwamba kuna ugumu. Marehemu hakuwa mwanachama kamili, alikuwa chini ya uangalizi tu. Tena Kilungu si Wabaptisti. Tena kanuni haisemi lolote juu ya kumpa barua mtu aliyekufa.

"Aprili tulimpa Hannah," Miss Verna akasema, "na alikuwa amekufa miaka mia moja na mitano."

Akaendelea. "Mpokeeni kwanza, kisha mpeni barua. Mimi nimekuwa karani miaka thelathini na minne na sijawahi kuandika mtu aliyeingia na kutoka mchana mmoja. Nitaandika."

Shemasi aliyemtania Aprili alitoa hoja. Wakampokea kwa mikono yote. Kisha wakampa barua kwa mikono yote. Miss Verna aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho, kwamba Ndugu Mutuku alikaa nao miaka kumi na mitatu, kwamba alikuwa mwaminifu, na kwamba wanamwachilia kwa upendo kwenda kwa ndugu zake. Alinionyesha kabla ya kuikunja. Alisema, "Laiti ningemuuliza siku ile ya kwanza." Nikamwambia, laiti na mimi ningemwambia aende kwa wakili. Tukaketi pamoja mpaka watu wakaisha.

Ibada ilikuwa Jumamosi. Watu wa ng'ambo ya reli walikuja, na mzee Prewitt aliomba. Siku hiyo wale wazee hawakupanga viti vya kukunja. Wakenya wa Garland ndio waliovipanga na kuvirudisha, kwa sababu ilikuwa kazi ya Mutuku.

Jumatatu tulimpeleka uwanja wa ndege wa Dallas, upande wa mizigo. Huko hakuna ukumbi wa abiria. Ni ghala lenye milango ya chuma, na mtu anayekagua makaratasi nyuma ya dirisha. Makaratasi ya Mutuku yalikuwa kamili: cheti cha kifo, kibali cha ubalozi, muhuri wa wahudumu wa maiti. Yule mtu aliyapitia moja moja akasema yako sawa. Jeneza lilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye kamba, na juu yake wamebandika jina lake na neno Nairobi.

Shem ndiye aliyesafiri naye, kwa kuwa yeye anaweza kwenda na kurudi. Barua ya kanisa ilikuwa mfuko wa ndani wa koti lake. Nilimwambia aiguse nione, akaigusa. Nilimpa pia leso ya mwaitu, aiweke kaburini. Kaburi la Mutuku limechimbwa kando ya la mwaitu.

Nikaweka mkono juu ya sanduku nikaomba kwa Kikamba. Immaculate alisema amina ingawa haelewi Kikamba. Gari la kuinulia mizigo likaja, likalichukua sanduku kwa uma zake, likaingia nalo ndani polepole likapinda kushoto. Mlango wa chuma ukashushwa. Shem alikwenda upande wa abiria. Mimi na Immaculate tulirudi kwenye gari, kwa sababu kesho yake asubuhi nilitakiwa kuwa kazini.